Kidole Juu ya Ubao wa Picha

Tulimwita Bi Kiwiko, maana kutwa alikuwa amemshika kiwiko binti mmoja, mwanafunzi wangu. Alikuwa msaidizi darasani kwangu, mjane asiye na mtoto, mcheshi wa kutuvunja mbavu. Binti alikuwa hajawahi kutamka neno tangu azaliwe. Lakini Bi Kiwiko akimtegemeza mkono, kidole kilitambaa juu ya ubao wa picha, na binti akasema: ana njaa, kichwa kinamuuma, anampenda bibi yake. Bibi yake alilia aliposikia hilo. Mimi vinyweleo vilinisimama, kwa sababu kidole kilisema huku macho ya mtoto yako dirishani.

Kisha akaja mpimaji wa ofisi ya elimu, mama mmoja mpole, kuamua kama binti abaki kwetu au arudishwe nyumbani. Shule nyingine ya kumpokea haikuwepo.

Alisimamisha kadibodi katikati yao, kila mmoja aone picha yake tu. Binti alionyeshwa kiatu, Bi Kiwiko ufunguo. Umeona nini, binti? Kidole kikaenda kwenye ufunguo. Binti akaonyeshwa mbuzi, Bi Kiwiko ndoo. Kidole kikaenda kwenye ndoo. Bi Kiwiko, hana habari, akamsifu mtoto kwa kupatia yote.

Mpimaji akaiondoa kadibodi, picha zote zikawa wazi mezani.

"Sikumsukuma," Bi Kiwiko alisema. "Haki ya Mungu, dada, mimi nilikuwa namfuata yeye."

Nilimwamini, na hapo ndipo nilipoogopa hasa. Miaka yote hiyo tulikuwa tukimsikiliza nani? Hata ndoto ambazo kidole kilitusimulia kuwa za binti, za nyumba isiyo na watu, zilikuwa za mwanamke anayeongea peke yake bila kujijua.

Mpimaji alianza kukusanya vitu vyake. Bi Kiwiko akambembeleza mtoto huku machozi yanamtoka: onyesha, mwanangu, onyesha chochote, watakuondoa. Mkono wake ukarudi wenyewe kwenye kiwiko.

Binti akauondoa. Akautua mezani taratibu, kama mtu anayetua kikombe cha chai ya moto. Akautazama ubao, na sikuwahi kumwona akiutazama. Kidole chake kikatambaa, peke yake, hadi kwenye picha ya uso uliowekwa kidole mdomoni.

"Nyamaza," mpimaji alisoma.

Akakaa tena, akasema huyu atabaki. Sidhani kama Bi Kiwiko alisikia. Alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili.