Gauni Lililokatwa kwa Jicho

Mama huyu, fundi wa cherehani, hakuwahi kuharibu nguo ya mtu. Mtaa mzima ulijua kwamba ukimpelekea kitambaa, hurudishiwi vazi lililopinda. Lakini binti yake mwenyewe, waliyemwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, hakumpima kamwe. Alimkatia kwa jicho tu. Mtoto wa mwisho kuguswa na futi yake ya kupimia humo nyumbani alikuwa dada yake Kitinda, na alichopimiwa ni sanda.

Basi shule ikatangaza ziara ya mbali, ya kulala huko huko usiku mmoja. Kitinda akamwendea baba.

"Muulize mama yako."

Akamwendea mama.

"Muulize baba yako."

"Jamani, mimi mpira? Kila mtu ananipiga teke!"

Baba akaanza kucheka, macho yakamponyoka hadi chumba cha watoto, kicheko kikamkauka. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimetandikwa shuka safi, kama kawaida.

"Hatukukatalii kwa ubaya, mwanangu. Huko nani atakusikia ukikohoa?"

Kitinda akainamisha kichwa. Kisha akalitamka lile ambalo wote walikuwa wakilizunguka kama shimo katikati ya sebule.

"Baba, dada hakufia safarini. Alifia pale kitandani. Na nyote mlikuwepo."

Cherehani ikanyamaza. Mama hakugomba, na hilo ndilo lililomtisha Kitinda. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Huna hata gauni la kulalia la kuonekana mbele za watu. Binti wa fundi akalale na fulana iliyotoboka? Watasemaje?"

Kilikuwa kisingizio, lakini Kitinda aliona pia upenyo ndani yake. "Si unishonee, mama?"

Mama akatoa kabatini kitambaa cha maua alichokuwa amekificha miaka. Akakata, akashona, akakunja pindo kwa mkono, huku akiimba chinichini wimbo wa kubembelezea watoto ambao haukuwa umesikika humo ndani tangu msiba.

"Jaribu."

Gauni lilikwama mabegani. Mikono iliishia viwikoni, pindo likabaki juu ya magoti. Mama akaduwaa. Halafu akaitambua kazi yake: bega lile dogo, kifua kile chembamba, urefu ule. Jicho lake lilikuwa limemkatia yule mwingine.

"Nimempita, mama," Kitinda akanong'ona. "Mimi ndiye mkubwa sasa."

Mama aliivuta futi kutoka shingoni mwake, akaitazama kama mtu atazamavyo kamba iliyowahi kumwuma ikiwa nyoka.

"Simama wima."

Akaipitisha mgongoni mwa mtoto. Kitinda akajikaza kama mti.

"Pumua, mwanangu. Usibane pumzi. Nataka nikupime huku unapumua."

Akapima bega, kifua, urefu, akarudia kifua mara nyingine, ingawa hakukuwa na haja.

"Baba Kitinda!" akaita bila kugeuka. "Mwambie mwalimu huyu anakwenda."

Jioni ya safari, mama aliingia chumbani kufunga dirisha. Vitanda viwili, vyote vitupu. Lile gauni dogo alilikunja, akalisukuma chini ya mto wa kitanda cha marehemu, akasimama akisikiliza. Hakuna aliyekohoa.

"Lala wewe," akasema. "Mwenzako anarudi kesho."