Mikono Masikioni mwa Minza

Klementina alikuwa mama pekee pale kijijini, upande wa Dutwa, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na watoto wanne. Hakuwa akitafuta kusoma. Alikaa sakafuni karibu na Minza wake, akisubiri kengele ili amzibe mtoto masikio.

Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, ikining'inia nje ya ofisi. Kila ilipogongwa, Minza alikurupuka, akapindua dawati, akamng'ata aliyejaribu kumshika na kukimbilia mashamba ya pamba. Hata mwalimu mkuu, Januarius, aling'atwa mpaka damu, akasema mtoto wa hivyo hana nafasi shuleni. Klementina akaomba akae naye darasani, na tangu hapo hakung'atwa mtu. Lakini kila asubuhi aliyokaa darasani aliikosa zamu yake kwenye shamba la ujamaa, na mwenyekiti wa kijiji, Mayala, hakuwa mtu wa kusamehe jembe lisilofika.

Basi akaitwa mbele ya kamati ya shule. Minza aliachwa kizingitini.

"Mayu," Mwalimu Januarius alianza, akimwita mama kwa Kisukuma, na sauti yake haikuwa mbaya, "tuambie mtoto ana nini. Tukijua sababu tutaona la kufanya. Tusipojua, hawezi kurudi."

Sababu Klementina aliijua kama anavyoijua njia ya kisimani. Mwaka juzi, siku ya kuhamishwa kwa nguvu kuja kijiji hiki cha ujamaa, rimu hiyohiyo iligongwa kuwakusanya watu, na kabla haijanyamaza nyumba yao ilikuwa inawaka. Minza alitolewa ndani akikohoa moshi. Aliyegonga rimu, na aliyetoa kiberiti, ni huyu Mayala aliyeketi sasa kwenye kiti chenye mgongo. Na dawa ilikuwa rahisi mno: watoto waitwe kwa filimbi.

Lakini Shigela, mumewe, alikwisha kulisema la moto ule hadharani. Akaitwa mpinga vijiji, akawekwa ndani Maswa, akarudi anachechemea. Mara ya pili asingerudi. Mdomo uliponza kichwa.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," Mayala alisema, akijikuna shingo. Laiti methali zingekuwa na meno, hii ingemng'ata yeye kwanza.

Klementina alitazama sakafu. "Ni wazimu," akasema. "Wa ukoo wetu. Hata bibi yake alikuwa nao."

Bibi huyo, mwanamke mwenye akili zake timamu, alizikwa kule kwenye mahame yao yaliyoungua.

Kamati ikapumua, maana wazimu haumshtaki mtu. Mayala akamshukuru mama kwa kusema kweli, akamtaka afike shambani kesho. Minza asirudi tena shuleni.

Mkutano ukafungwa, rimu ikagongwa. Klementina aliruka hadi kizingitini, akamziba mwanawe masikio kama kawaida. Safari hii Minza hakukimbia. Aliiondoa mikono ya mama yake, mmoja baada ya mwingine.

"Niache, mayu," alisema. "Kumbe mimi ni kichaa."