Moshi Tuliouficha Jikoni

Ndugu zangu wa kanisa, mliniomba nisimame niwaeleze jinsi nilivyougua na kupona. Kusimama nimeshindwa. Nimeandika polepole, na Furaha, mke wa kaka yangu Bahati, ndiye anayewasomea. Akisita mahali, mvumilieni. Na yeye yumo ndani ya habari hii.

Nilikulia kwenye vilima vya Masisi, tukilima maharage na kukamua ng'ombe wa watu. Nilimaliza darasa la sita. Wazazi walipofariki, Bahati alinichukua nikaishi kwake huku Walikale, kwenye kijiji kidogo ng'ambo ya Ntoto. Nilikuwa na afya. Nilibeba dumu la maji kichwani bila kulishika. Ila sikuwa msemaji. Wageni walimwuliza kaka, "Huyu dada yako anajua kusema ao munamukataza?" Naye alijibu, "Sauti aliiacha Masisi, kwa ng'ombe."

Bahati alikuwa ananunua dhahabu ya wachimbaji. Wanachanganya mchanga wa dhahabu na zebaki, yale maji mazito yanayong'aa, ambayo wao wanayaita tu dawa. Dawa inaikusanya dhahabu, inakuwa kidonge cheupe. Ukikichoma, dawa inaondoka na moshi, dhahabu inabaki ya njano.

Kazi ya kuchoma ilikuwa yangu. Niliweka kidonge kwenye kopo la nyanya, nikaweka kopo juu ya makaa, jikoni, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa kitenge. Wote wanaonunua dhahabu kwetu wanafanya hivyo. Moshi ukionekana, watu wenye silaha wanajua nyumba ile ina dhahabu. Bahati alikaa nje kwenye kigoda, akiangalia kama kuna moshi unaotoka. Mimi nilikaa ndani. Sufuria ya bugali ilikuwa hapohapo, na usiku nililala hapohapo.

Ulianza mdomo. Nilisikia ladha ya chuma, kama mtu anayenyonya msumari. Ufizi ulivimba, ukatoa damu. Mate yalijaa hadi yakalowesha mkeka. Jino moja la nyuma lilitoka lenyewe nikila muhogo. Kisha vidole vilianza kutetemeka. Nilijificha. Nilipomwaga chai, Furaha alisema, "Neema, unaogopa nani? Niko peke yangu." Kweli niliogopa. Mtu akipiga hodi, moyo ulinidunda, nikaenda nyuma ya mlango. Hakuna aliyeona ugonjwa, kwa sababu aibu yangu walishaizoea. Hata mimi sikujua aibu ya kuzaliwa inaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Munganga wa kijiji alinipa dawa za malaria. Hazikusaidia. Ndipo watu wakasema nimepewa sumu. Nilikuwa nimekunywa kasiksi kwa Mama Sifa, jirani anayetengeneza pombe hiyo ya ndizi, na Bahati alimkataza kukanyaga kwetu. Wakaninywesha maji ya majani machungu ili niitapike hiyo sumu. Nilitapika hadi nyongo. Kisha wakanilaza nipumzike. Wakanilaza jikoni, kwenye joto.

Siku niliyoshindwa kupeleka kijiko mdomoni, Bahati alinipakiza kwenye pikipiki, akanifunga kwake kwa kitenge nisianguke, tukaenda hospitali upande wa Masisi.

Daktari alikuwa mwanamke. Aliweka sikio karibu na mdomo wangu.

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Nachoma dhahabu."

"Wapi?"

"Jikoni."

"Mulango iko wazi?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Akamgeukia Bahati. "Ile zebaki. Anaivuta pamoja na moshi. Kwa nyumba kuko nani mwingine?"

"Bibi yangu, Furaha. Iko na mimba."

"Atoke mule jikoni leo."

Bahati alisema, "Dokta, nipe karatasi inayoonesha ni zebaki."

"Mashini ya kuipima hatuna hapa. Damu inapashwa kwenda mbali, na barabara unaiona."

"Basi haujue."

"Sijue kwa hakika. Lakini naogopa vya kutosha. Baba, mataifa ilisha kukaa juu ya hii zebaki, ikaandika mukataba. Kuchoma ndani ya nyumba za batu, hapana. Bamama ba mimba na batoto, balindwe. Na kwa sheria zao kuko neno moja, tahadhari. Kama hatari iko kubwa, hauseme 'nangoja kwanza nijue yote'. Unalinda batu kwanza."

Bahati alicheka kidogo. "Hayo mataifa haijapita kwetu."

"Njo maana nakuambia weye," daktari akasema.

Bahati alirudi nyumbani. Nyuma yake vita vilifunga barabara, nami nikabaki hospitalini.

Mtu mmoja wa pikipiki aliyepita porini alituletea habari za kijiji. Nilimwuliza kuhusu Furaha. "Iko muzima," akasema, "sasa yeye njo anachomea bwana yake dhahabu." Alifikiri ananifurahisha.

Nilikuwa na kitanda karibu na dirisha, na kutoka pale niliona kilima cha kwanza tu cha safari ya kurudi. Sikuweza kutembea bila kushika ukuta. Daktari aliniazima simu. Kila mtandao ulipopatikana nilimpigia kaka, lakini ulimi ulikuwa mzito kama wa mlevi.

"Sema kwa nguvu," alisema. "Sikusikie."

"Furaha... atoke."

"Nani anatoka?"

Simu ikakatika. Nililia kwa hasira. Tumbo la Furaha lilikuwa linakua nyuma ya mlango ule, na mimi ndiye niliyejua kwa mwili wangu, na sauti yangu haikufika hata kwenye kile kilima.

Dawa yangu kubwa ilikuwa kukaa mbali na moshi. Daktari alinipa chakula, maziwa na subira. Ufizi ulipona kwanza. Usingizi ulirudi. Mikono ilitulia kidogo kidogo, na barabara ilipofunguka nilipanda pikipiki nikiishika mwenyewe.

Nilifika nikakuta mlango wa jiko umefungwa. Bahati alikuwa kwenye kigoda chake. Alisimama kwa furaha, lakini nilimpita, nikafungua. Furaha alikuwa kwenye makaa, kopo mbele yake, anatema mate majivuni.

"Mdomo unasikiaje?" nilimwuliza.

"Kama chuma," akasema.

Bahati alikuja nyuma yetu. "Neema, funga, batu bataona. Na karatasi ya dokta iko wapi?"

"Haiko. Hakuna anayejua kwa hakika." Nilimshika Furaha mkono, nikamtoa nje. Kisha nikamwambia kaka, "Weye haujakaa mule hata siku moja. Kama haina kitu, ingia. Nitakufungia mulango. Miye nitakaa kwa kigoda."

Alitazama kopo. Alitazama mkono wangu, jinsi ulivyokuwa unacheza juu ya komeo la mlango. Hakuingia. Alivua shati, akalifunga puani, akalitoa kopo na makaa yake, akaenda kuyafukia mbali.

Tangu siku ile hanunui kidonge chenye dawa. Wateja wengi walimwacha, na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, tunaila bila nyama. Kule mlimani kwa wachimbaji bado wanachoma, siwezi kuwadanganya. Mama Sifa tulimwendea kuomba msamaha. Alitukaribisha kikombe cha kasiksi, Bahati akanywa wa kwanza.

Namshukuru Mungu, yule daktari, na kaka aliyekubali kuogopa bila karatasi. Nanyi mnaochoma majumbani, watoeni kwanza mama wa mimba na watoto. Mashini ya kupima haijafika. Msiwaache ndani mkiingoja.

Mtoto amezaliwa. Kama moshi ungemdhuru tungemwacha mama yake jikoni, sitajua kamwe, na sihitaji kujua. Yuko hapo mgongoni mwa Furaha. Ananishika kidole, na kinachotetemeka ni kidole changu peke yake.