Mkaja wa Mama Juu ya Mshono

Nilimdanganya mama yangu kwamba nimetolewa uvimbe kwenye kizazi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitoka hapo, na kwa sababu nimechoka kuisikia nafsi yangu ikitafuta mtu wa kumlaumu.

Ukweli ni kwamba nilikatwa tumbo la chakula. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na nane, sukari iliyogoma kushuka kwa vidonge, na magoti yaliyouma kila nilipopanda ngazi za ofisini kwetu hapa Dodoma. Daktari alinieleza kwamba wangeondoa sehemu kubwa ya tumbo na kuniachia kifuko chembamba. Wengi hufanyiwa hivyo kupitia matundu madogo, lakini mimi nilipokuwa shuleni niliwahi kupasuliwa kidole tumbo kilichokuwa kimeshapasukia ndani, na tangu hapo utumbo wangu ulikuwa umegandana. Ikabidi nifunguliwe kwa mkato mmoja mrefu, kuanzia chini ya kifua hadi kitovuni. Nikakubali. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili na nilitaka kufika hamsini.

Mume wangu alijua. Mama hakujua, na nilijiapiza kwamba hatajua.

Sisi ni watu wa kijiji kimoja kando ya barabara iendayo Mtera, mahali ambapo mvua ikikosa mwaka mmoja kila nyumba inajulikana ina nini ndani ya ghala. Nilipokuwa na miaka saba hivi, ilikosa. Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele wa kutosha kiganja, anatusogezea mimi na dada yangu, kisha anasema yeye ameshakula kwa jirani. Halafu anaingia ndani, anajifunga kanga tumboni na kuikaza kwa fundo. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuona kwamba kwa jirani nako hakukuwa na moshi. Niliona, na nilikula.

Mwanamke wa namna hiyo unamwambiaje kwamba tumbo lile alilolihangaikia umelipeleka mwenyewe likapunguzwe kwa kisu, kwa kuwa lilikuwa linakula mno? Unene wangu ulikuwa fahari yake. Nikienda kijijini alikuwa ananizungusha mbele ya wenzake kanisani, wanishike mkono waone. Basi nikatafuta uongo, nikaona uvimbe wa kizazi ni mambo ya wanawake, watu hawaulizi zaidi. Nilisahau naongea na nani.

Mama yangu ni mkandaji. Kijijini kwetu mwanamke akijifungua, mama huitwa. Huchemsha maji na majani ya mwarobaini, humkanda mzazi kwa taulo, kiuno, mgongo na tumbo, kisha humfunga mkaja, kile kitambaa kirefu kinachokazwa kuzunguka tumbo ili lirudi mahali pake. Miaka ile watoto walipokuwa wakizaliwa nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akizika kondo la nyuma, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kujua ni wapi. Kumwambia mtu huyo kwamba kizazi chako kimeguswa ni kumwita. Siku ya tatu baada ya mimi kurudi nyumbani kutoka hospitali alishuka stendi na mfuko wa unga wa uwele, karanga, mlenda mkavu na samaki wa perege waliokaushwa kutoka bwawa la Mtera.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Lala. Usiinuke. Mzazi haamki kupokea mgeni."

"Mimi si mzazi, mama."

"Kizazi kimekatwa, we ni mzazi. Lala."

Hospitali walikuwa wamenipa karatasi. Wiki mbili za kwanza vimiminika vyepesi tu, kidogo kidogo, kikombe kidogo kwa nusu saa. Kutembea. Kutoloanisha mshono. Kutobeba kitu. Karatasi hiyo niliiweka chini ya godoro mara niliposikia sauti ya mama mlangoni, nikailalia kama mwizi.

Uji wake ulikuwa mzito, wa moto, wenye karanga na sukari nyingi, kwenye kikombe cha bati kinachojaa mikono miwili. Mzazi huunywa hadi jasho limtoke. Funda la tatu tu moyo wangu ulianza kwenda mbio, masikio yakavuma, jasho likanitiririka hadi kwenye kope. Mama akafurahi. "Hilo jasho, umeliona? Uji unafanya kazi." Nikameza funda la nne. Dakika chache baadaye nilikuwa nimeinamia beseni, natapika huku nimelishikilia tumbo kwa mikono yote miwili, kila tapiko likivuta mshono.

Mume wangu alikuwa sebuleni. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume hukaa mbali na mama wa mkewe. Hawali pamoja, na hawezi kabisa kuingia chumbani wakati mama mkwe anamhudumia binti yake. Aliniandikia ujumbe kwenye simu: Mwambie. Nikamjibu: Kesho. Nilimjibu hivyo siku nne.

Siku ya pili yake mama alikuja na beseni la maji ya mwarobaini. Hapa ndipo ninapotaka nisikilizwe vizuri, maana nimewahi kuisimulia habari hii nikaruka kipande hiki. Mama hakunivamia. Alilifunua tumbo langu, akautazama mshono kwa muda, nyuzi nyeusi kutoka kifuani hadi kitovuni. Akashangaa. "Uvimbe wa kizazi wanakata hadi huku juu?"

"Ulikuwa mkubwa," nikasema.

Akafikiri. Kisha akauliza, "Na maji, hospitali wamekataza?"

Karatasi ilikuwa chini ya mgongo wangu.

"Hawajasema kitu," nikamjibu.

Akanikanda. Alikwepa mshono wenyewe kwa ustadi, lakini maji hayana adabu, na mikono ile imezoea kusukuma nyama irudi ndani. Nilijikaza kisabuni nisipige kelele. Alipomaliza alinifunga mkaja, kanga yake mwenyewe iliyokunjwa mara tatu, akaukaza kwa goti. Alifanya hivyo siku tatu mfululizo. Kila alipomaliza alikuwa anapumzika pembezoni mwa kitanda, amechoka, ameridhika, na mimi nilikuwa namtazama nikimpenda na kumwogopa kwa wakati mmoja.

Siku ya nne niliamka na homa. Asubuhi hiyo nilitapika tena, na katikati ya kutapika nikahisi kitu kinaachia, kama mshono wa gunia unapochomolewa uzi. Kanga ya mama ikalowa. Ilikuwa usaha na damu, na harufu yake sitaki kuisema. Mama ndiye aliyefungua mkaja, na ndiye aliyeona kilichokuwa chini yake. Alimwita mkwewe kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, naye akaingia chumbani bila kujali desturi.

Hospitali, nesi aliyenipokea alilitazama tumbo, akayaona majani mawili ya mwarobaini yaliyonata kwenye ngozi.

"Nani amekanda hapa?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa nguo zangu. "Ni mimi, mwanangu."

"Bibi, mbona mnatuulia watu? Mshono hata wiki mbili haujafikisha, unakandwa kwa maji ya moto? Huyu angekufa mikononi mwako!"

Nilikuwa na fahamu zangu zote. Ningeweza kusema: Aliniuliza, nikamwambia hawajakataza. Yalikuwa maneno machache tu. Nikafumba macho, nikajitia nimezidiwa. Katika ugonjwa wote ule, hilo ndilo jambo ninaloonea aibu kuliko yote.

Nilikaa wodini wiki tatu. Walinisafisha kidonda, wakakiacha wazi, kwa sababu kidonda kilichooza hakifungwi juu, kinaachwa kijae nyama kuanzia chini. Kila asubuhi walichomoa kitambaa cha dawa kilichoshindiliwa ndani na kuingiza kingine. Nilijifunza kuhesabu vigae vya ukutani. Nywele zilianza kunyonyoka na kubaki kwenye mto. Daktari alisema nilikuwa na bahati: usaha ulikuwa haujaingia ndani ya tumbo, na kifuko chenyewe kilikuwa hakijavuja. Mama alishinda kwenye benchi la nje, siku zote hizo. Wakati wa kuona wagonjwa aliingia, akasimama miguuni mwa kitanda, mikono ameificha ndani ya kanga. Hakunigusa hata kunirekebishia shuka.

Nyumbani ikawa hivyohivyo. Beseni la kuogea aliliweka mlangoni, akaondoka. Nesi wa zahanati ya mtaani alikuja kunifunga kidonda, mama akaenda kukaa uani mpaka amalize. Alikuwa hapiki uji tena. Mume wangu ndiye aliyenichemshia supu na kuichuja. Nilikonda haraka, nguo zikanining'inia, wenzangu wa ofisini wakaja kunitazama na kunisifia, na mimi nilikaa nao nikicheka huku mama ananitazama kutoka dirisha la jikoni.

Nilisema moyoni kwamba mwenyewe atasahau. Kisha ikaja simu kutoka kijijini. Binti wa dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, kitukuu wa kwanza wa mama. Walikuwa wanamsubiri akamkande. Ilikuwa saa nne asubuhi, mama yuko uani anapepeta choroko, dirisha langu liko wazi.

"Tafuteni mwingine," alisema kwenye simu. Akasikiliza. "Hapana. Mikono yangu imeharibika. Nimeshamharibu mmoja, inatosha."

Akaiweka simu chini, akaendelea kupepeta.

Nilitoka kitandani. Hatua zile kumi na tano kutoka chumbani hadi uani nilizitembea nimeinama, mkono kwenye kidonda, na karatasi ya hospitali mkononi. Nikaketi kwenye kigoda mbele yake. Nikamwambia yote, tangu mwanzo: uzito, sukari, uamuzi, uvimbe usiokuwepo, karatasi chini ya godoro. Nilimwambia kwamba aliniuliza kuhusu maji na nikamjibu uongo, na kwamba pale mapokezi nilikuwa nasikia kila neno. Nililia. Yeye hakulia.

Choroko zilitulia kwenye ungo.

"Walikukata tumbo la chakula," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiari yako."

"Kwa hiari yangu."

"Na hicho kipande walichotoa, walikizika wapi?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. "Sijui, mama. Sikuuliza."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayesikia kwamba mtoto ameachwa mahali. "Hukuuliza," alisema. Kisha: "Hilo tumbo mimi nililijaza kwa tabu."

Alichukua simu, akampigia dada yangu, akamwambia anakuja kesho na wachemshe maji. Mchana ule aliniomba nimsomee karatasi, mstari kwa mstari, kusoma hajui. Akanirudisha mahali pa kikombe kidogo mara mbili. Jioni alipika uji wa uwele mwepesi, akauchuja kwa kitambaa safi, akaumimina kwenye kikombe cha kahawa, akakaa nami hadi ukaisha, nusu saa nzima. Alfajiri mume wangu alimpeleka stendi.

Ilichukua miezi miwili na nusu kidonda kufunga. Sasa mahali pale pana uvimbe unaojitokeza nikikohoa. Ni ngiri, na daktari anasema siku moja itabidi nifunguliwe tena. Sukari imeshuka. Magoti yamenyamaza. Sijutii kukatwa.

Mama na mimi tulizungumza kwa simu kama zamani, kuhusu mvua na kuku, lakini lile hatukuligusa tena, na sikujua kama amenisamehe. Nilikwenda kijijini kwa ubatizo wa yule mtoto. Wanawake wa kanisani waliponiona walishika vinywa. Mmoja aliniuliza kwa kunong'ona kama nina ugonjwa ule. Mwingine alimuuliza mama waziwazi nilipasuliwa nini, na mama akajibu bila kupepesa, "Uvimbe."

Ulipofika wakati wa chakula, shangazi yangu alinipakulia sahani: ugali, mlenda, nyama ya mbuzi, mlima wa kutosha watu watatu. Macho yote uani yakanigeukia. Mtu aliyekonda kama mimi, anayeonekana ana njaa, akikataa sahani ya sherehe mbele ya watu, ameitukana nyumba. Nilishika kijiko. Nilijua kitakachotokea nikimeza matonge matatu, na nilijua nitayameza.

Mkono wa mama ukapita begani kwangu, ukaichukua ile sahani.

"Huyu mwacheni," aliwaambia, akiisogeza kwa watoto. "Ameshakula kwangu."

Sikuwa nimekula kitu tangu asubuhi. Alikaa karibu nami kwenye mkeka, mkono wake umebaki mgongoni kwangu, na akaanza kula.