Punje Nyeusi Ukweni Kibara

Nikisimuliaga habari hii mke wangu anatoka nje, na mimi mwenyewe uso bado unanichoma, mzee mzima niliyepita sabini kwenda kujiaibisha ukweni kwa mguu wangu mwenyewe.

Ugonjwa ulianza na mwiba ulionichoma unyayo shambani Bugwema, kidonda kikafunga, baada ya muda mrefu unyayo ukavimba polepole bila maumivu (hilo ndilo lililonidanganya), ukatoboka vijitundu, na humo zikawa zinatoka punje nyeusi, ngumu, kama mbegu za mchicha. Nilikuwaga nazifuta asubuhi, jioni zimerudi. Nikawaza kuna mtu kanipandia kitu cha kichawi, nikanyamaza. Mke wangu alitaka nianzie hospitali kabla ya kwenda Kibara kumposea kijana wetu, nikamwambia tukirudi, nikafunga kitambaa, nikauingiza mguu kwenye kiatu cha kuazima, maana ukweni na kandambili niliona aibu.

Kufika, watu wanavua viatu mlangoni. Nikasita, mshenga akaninong'oneza kwamba nitaonekana nina dharau, basi nikavua, kitambaa kikabaki ndani ya kiatu. Nikapita kwenye zulia jeupe, nikakaa, nikasalimia, haitikii mtu. Wote wanatazama chini. Nami nikatazama: alama za mguu mmoja tu, mbichi, toka mlangoni mpaka kwangu, na katika kila alama zimelala punje nyeusi, kama kuna mtu kapita anasia mbegu. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Baba wa binti akasimama, akasema mazungumzo yameishia hapo.

Ndipo bibi wa binti akapiga magoti, akaokota punje moja, akaibonyeza kwa ukucha. Haikupasuka.

"Hizi nazijua," akasema. "Zilimtoka mume wangu. Tulizunguka kwa waganga mpaka mfupa ukaliwa, nikamzika." Akaniangalia. "Baba, usilale hapa. Nenda hospitali leo."

Nikapelekwa Musoma. Daktari akasema ni fangasi wa nadra, aliingia na ule mwiba, hula taratibu mpaka kwenye mfupa, na haambukizi mtu. Nilimeza dawa zaidi ya mwaka, nikapasuliwa, kidole kimoja kikaenda. Kijana alioa, kwa sababu yule bibi aliwakatalia wenzake kuvunja posa.

Mimi nimeapa, kitu nisichokijua kikinitoka mwilini nakionyesha siku hiyohiyo, aibu baadaye. Kila asubuhi nakagua nyayo zangu kwa kioo. Kuna siku naona doa jeusi, nalisugua. Mpaka sasa limekuwaga udongo.