Waliniita Kushoto

Juzi mwanangu wa miaka minne alininyooshea andazi kwa mkono wa kushoto. Jirani aliyekuja kunywa chai akacheka, akamwambia ampe mama kwa mkono mzuri. Mtoto akasimama na andazi lake hewani, akinitazama aone kama nami nitasema hivyo. Nami nilikuwa nimekwenda mbali, ndugu yangu. Nilikuwa nimerudi Durban, kwenye ukumbi wa kanisa kule Greyville, na pua yangu imejaa harufu ya ulimbo.

Tulifika Durban mwishoni mwa miaka ya tisini tukitokea Bukavu, nyanya, mama na mimi. Baba alibaki nyuma siku ile ya kukimbia vita. Alisema atatufuata, na hatukupata tena habari yake. Nyanya ndiye aliyemzaa, lakini jina lake hakulitaja kamwe ndani ya nyumba. Nadhani aliona kwamba asipolitaja kidonda kitafunga, na wapi. Tulipanga chumba kimoja ghorofani, karibu na uwanja wa mbio za farasi, na siku za mashindano kelele za kipaza sauti zilituingilia dirishani tukiwa tunatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mama alisuka nywele katikati ya mji, kwenye saluni ya Mkongo mwenzetu, akaniacha mchana kutwa mikononi mwa nyanya.

Sasa mimi nilizaliwa wa kushoto. Kijiko, kalamu, ufagio, vyote viliukimbilia mkono huo. Na kwetu kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana. Nyanya alilichukulia jambo hilo kwa uzito ambao wengine wanauweka kwenye wizi. Wakati wa kula alinifunga mkono ule kiunoni kwa kipande cha kitenge, kisha akanisogezea sahani. Bugali uliniponyoka, sombe ikanijaa kidevuni. Mama alirudi jioni vidole vimevimba kwa kusuka, akanikuta hivyo, akamtania mama mkwe wake kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nyanya akamjibu kwamba methali hiyo ilitungwa na watu wenye mikono miwili mizuri.

Kule ukumbini palikuwa na kocha, Mjerumani, mzee mrefu mwenye mvi, bega lake moja limeshuka kuliko lingine. Alasiri aliwafundisha watoto wa mtaa wetu mpira wa mikono katika ukumbi wa kanisa, bila kudai kitu. Mimi nilikwenda kwa ajili ya machungwa aliyogawa mwisho wa mazoezi, sitakudanganya. Mchezo wenyewe tuliuona wa ajabu. Goli lipo, golikipa yupo, lakini ukiugusa mpira kwa mguu unapigiwa filimbi. Unakwenda hatua tatu, unaruka, unarusha ukiwa bado juu. Magoli yetu yalikuwa utepe mweupe uliobandikwa ukutani, na mpira ukigonga pale ukuta wote ulilia.

Siku yangu ya kwanza mpira ulinijia nikaurusha bila kufikiri, kwa kushoto. Mara nikakumbuka, nikauficha mkono nyuma ya gauni. Kocha akapuliza filimbi. Nikajua leo nimekwisha. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akauomba ule mkono niliouficha, akaugeuzageuza. Akawauliza wenzangu kwa Kiingereza unaitwaje kwa lugha yetu. Wakamwambia.

"Kushoto," akasema kocha, na toka hapo hilo likawa jina langu.

Akatueleza kwamba winga wa kulia anatakiwa awe mtu wa kushoto, kwa sababu akiwa kwenye kona ile yeye ndiye analiona goli lote, na kwamba kwao timu zinahangaika kuwatafuta watu wa namna hiyo. Mengine sikuyaelewa. Nilielewa tu kwamba kitu kinachofungwa kwa kitenge nyumbani, hapa kinatafutwa.

Yeye mwenyewe alikuwa wa kushoto. Habari zake alitupa vipande vipande, tumekaa sakafuni tunanyonya machungwa. Alianza utotoni, baada ya vita vyao, wakicheza kwenye nyasi watu kumi na mmoja kila upande, kabla mchezo haujahamia ndani ya kumbi na kubaki watu saba. Jezi ya taifa aliivaa mara chache, zaidi akiwa benchi, na hilo la benchi alilisema huku anacheka. Kisha bega likachanika. Akawa kocha wa timu za wanawake, mji huu miaka michache, mji ule miaka michache. Alitwaa kombe moja. Timu ya mwisho ikamfukuza katikati ya msimu. Mke wake alikuwa anatamani jua, wakaja Durban, na mke akafia hapo. Kocha akabaki peke yake kwenye fleti yao ya South Beach.

Alikuwa na kopo la ulimbo. Wachezaji wa kwao hujipaka vidoleni ili mpira ushike, na mara mojamoja alitupaka na sisi. Kopo likifunguliwa ukumbi mzima ulinuka utomvu wa miti. Ulimbo huo ndio ulionichoma kwa nyanya. Jioni moja nilipokea kikombe kwa kulia, kwa adabu zote, lakini wa kushoto ukaganda kwenye gauni. Nyanya akanivuta, akakinusa kiganja changu.

"Iko ulimbo hii," akasema. "Kwetu tulikuwa tunakamata nayo ndege."

Ilibidi anisugue kwa mafuta ya kupikia, na kila aliposugua alizidi kuelewa kwa nini umejaa mkono mmoja tu. Akanikataza kurudi ukumbini. Ilikuwa imebaki wiki moja tucheze mechi yetu ya kwanza, na shule moja ya huko vilimani. Nililia mpaka mama akaacha kunitania.

Kocha alipoona sionekani akaja mwenyewe. Alipanda ngazi taratibu, akampa nyanya mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, adabu aliyojifunza kwa Wazulu, akamwita Gogo, yaani nyanya kwa Kizulu. Mama alitafsiri. Wala kocha hakuniombea ruhusa. Alimwonyesha tu vidole vyake vya kushoto, vifundo vimepinda, akasema mwalimu wake wa kwanza alivipiga kwa rula mpaka akajifunza kuandika kwa kulia, na kwamba mwandiko wake ni mbaya hadi leo. Kisha akanywa chai yake. Nyanya akavitazama vile vifundo, chai yake mwenyewe ikapoa.

"Kwa mpira, kushoto," akasema mwishowe. "Kwa sahani yangu, kuume."

Mechi tulifungwa, na tulifungwa vibaya. Wale wasichana walikuwa na viatu vya michezo, sisi nusu yetu tulicheza pekupeku. Lakini kutoka kona ile ya kulia nilifunga mabao mawili, na baada ya la pili nilimwona nyanya mlangoni, amejitanda kitenge kichwani ili asijulikane. Nyumbani alinipa kipande kikubwa cha samaki, na kile kitambaa cha kunifungia nikakiona kimefuliwa na kuanikwa dirishani.

Haukupita muda mrefu, tulifika ukumbini tukakuta mlango una kufuli. Mlinzi wa kanisa akatuambia kocha ameanguka, kiharusi. Nyanya akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, tukaenda hospitali sisi watatu.

Upande wake wa kushoto wote ulikuwa umekufa. Alipotuona, jambo la kwanza alilofanya ni kuuvuta mkono ule kwa mkono wa kulia na kuusukuma chini ya shuka. Mimi nilikijua kitendo hicho.

Nyanya akaketi kitandani. Akaingiza mkono chini ya shuka, akautoa ule wa kocha, akauweka kati ya viganja vyake. Akaanza kusema naye kwa Kiswahili, lugha ambayo kocha alijua neno lake moja tu, na pengine ndiyo maana aliweza kusema.

"Mutoto yangu naye alikuwaka wa kushoto," akasema. "Baba ya huyu. Nilimupiga mpaka akauacha. Leo akinipa kitu na ule mukono, ningepokea."

Mama akageukia dirishani. Mimi nikabaki nimeshika chupa ya uji, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kumsikia nyanya akimtaja baba tangu tulipotoka Bukavu, na wala sikuwahi kujua kwamba mkono huu niliupata kwake.

Ndugu za kocha walikuja kumchukua, wakarudi naye Ujerumani. Baadaye tukasikia amefariki. Baba hakuonekana tena. Nyanya tulimzika Durban, mbali na ardhi aliyotaka kulala, na hilo linaniuma mpaka leo. Mara ya mwisho nilipopita Greyville, ule ukumbi ulikuwa unauza magodoro. Nilichungulia. Ukuta umepakwa rangi, na kwenye kona yangu wamesimamisha vitanda vya chuma. Nikavuta pumzi nikiutafuta ulimbo, nikapata harufu ya plastiki mpya.

Jirani yangu akarudia tena, kwa upole, mpe mama kwa mkono mzuri. Mtoto akaanza kuuteremsha mkono wake. Nikanyoosha wangu wa kushoto haraka, nikalipokea andazi.