Kutu Chini ya Kitanda Chetu

Mwaka ule wakimbizi walipovuka mpaka na kambi yao ya Benaco ikawa na watu wengi kuliko mji wetu, sisi wapangaji wa Ngara tulikiona cha moto. Mashirika yalikuja na wafanyakazi wao, wafanyakazi wakataka pa kulala, na wenye nyumba wakaingiwa na wazimu wa ghafla. Mwenye nyumba wetu, mtu aliyekuwa akila ndizi kwangu karibu kila Jumapili baada ya misa, alikuja asubuhi moja akakaa kwenye kigoda, akakohoa kidogo, akasema amepata mpangaji mwingine na nyumba anaihitaji kabla mwezi haujaisha. Nilimuuliza kama huyo mpangaji naye anajua kupika ndizi. Akaniaga na kwenda zake.

Mume wangu alikuwa dereva na fundi wa daktari mmoja wa mifugo, mzungu wa makamo aliyekuja kutoka kwao akiendesha gari lake mwenyewe. Gari hilo ndani lilikuwa nyumba: kitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, kabati, na sinki dogo la kunawia. Tuliliita gari-nyumba, na jina likaenea mtaa mzima. Lilikuwa limeegeshwa kwenye kiwanja cha parokia, pembeni mwa barabara inayoelekea Benaco. Siku zilezile tulizopewa notisi, daktari akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana. Akaamua kwenda kwao kwa ndege. Akatuita mimi na mume wangu, pamoja na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, akatukabidhi funguo.

"Kaeni humu," alisema. "Nikirudi nikikuta linatembea, nitalichukua niendelee na safari yangu. Nikikuta limekufa, basi, ni nyumba yenu. Mimi sitalivuta kwa kamba mpaka Dar es Salaam."

Alisema huku anacheka, na mume wangu naye akacheka. Mimi neno lile nililiweka moyoni palepale. Likifa, ni letu. Padre naye akasema tunaweza kukaa kwenye kiwanja kile maadamu gari lipo.

Nisiseme uongo, nililipenda gari lile. Mvua ikinyesha ulikuwa unaisikia juu ya kichwa chako, lakini hakuna tone lililokufikia. Nyumba tuliyofukuzwa ilivuja pembe zote. Mtoto alilala kwenye kiti kirefu kilichogeuka kitanda, na nguo zangu kwa mara ya kwanza zikawa na kabati. Wanawake wa jirani walikuja kuchungulia na kuniuliza kama usiku haliondoki nasi. Niliwaambia linaondoka, tunaamkia Bukoba, tunanunua senene, tunarudi kabla ya jua.

Wa kwanza kupata kasoro alikuwa mama mkwe wangu. Alikuja kutoka Kibimba kutusalimu, mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mko wazima? Sasa mlango wa nyumba hii uko wapi?"

Nikamwonyesha. Hakuingia. Alilizunguka gari lote, akainama, akatazama chini yake, akasimama akiwa ameshika kiuno.

"Mnaishije humu?" akasema. "Chini uchi kabisa. Hata majani hamkutandika."

Kwetu nyumba hutandikwa majani, na shamba la migomba nalo hutandikwa majani. Penye majani pana mwenyewe. Basi kesho yake tulikwenda wote wawili kukata nyasi bondeni, tukarudi na mizigo, tukatandika chini ya gari lote, kutoka magurudumu ya mbele hadi ya nyuma. Mama alipanga kingo kwa mkono, akazisokota vizuri. Tulipomaliza gari lilikaa pale kama kuku aliyeatamia, na mimi nilifurahi kuliko siku niliyopewa funguo. Nilijiona nina nyumba.

Mume wangu wakati huo alikuwa amepata kibarua cha kuendesha lori la maji kambini. Alirudi jioni, akayaona majani, akamshukuru mama yake. Mama alikaa nasi muda wa kutosha, mvua zikawa zinanyesha karibu kila mchana, na siku aliyoondoka mume wangu alimsindikiza mpaka stendi, akarudi, akavua shati, akaingia chini ya gari na tochi. Alitoka na kiganja kimejaa magamba ya rangi ya kahawia, membamba kama maganda ya kitunguu.

"Unajua kwa nini tunatandika majani kwenye migomba?" akaniuliza.

"Ili ardhi isikauke."

"Haya. Na huku chini pia haikauki."

Akanivuta nikaone. Chini ya gari kuna vyuma viwili virefu vinavyobeba mwili mzima, mafundi wanaviita chesisi. Kitanda chetu, kabati langu, mtoto wetu, vyote vilikaa juu ya vyuma hivyo. Vilikuwa vimevimba mahali mahali, rangi imejitenga na chuma. Ukigusa, gamba linabaki mkononi. Hewa ya mle chini ilikuwa na unyevu kama ya kisimani. Tope jekundu la barabara lilikuwa limeganda kila pembe tangu enzi za safari za daktari, na sasa majani yetu yalikuwa yanalinywesha maji usiku na mchana.

Nilimwambia wazi kilichokuwa moyoni mwangu. Sikuona sababu ya kuzunguka.

"Baba watoto, hebu kaa chini tuongee. Likioza ni letu. Wewe unahangaika nini?"

"Mtu kaniachia gari zima."

"Na mimi kaniachia nyumba."

"Katuachia tukae. Hakutuachia tuliue."

"Sisi hatuliui. Kutu inaliua. Wewe kaa pembeni tu."

Akanitazama, akatabasamu, akarudi chini ya gari. Nilimnunia. Nilimwekea chakula mezani bila kumwambia karibu, na yeye akala, akashukuru, akaenda kulala. Ana ubaya huo mume wangu, ukimnunia anakuacha unune mpaka uchoke mwenyewe.

Majani aliniachia niyatoe mimi, nikayapeleka kwenye migomba michache ya padre, ambako angalau yalikuwa na kazi. Yeye aliinua gari kwa jeki upande mmoja baada ya mwingine, akaweka mawe bapa chini ya magurudumu, akachimba mfereji mdogo kuzunguka kiwanja ili maji ya mvua yapite pembeni. Halafu likaja suala la maji. Tope lazima lioshwe kwanza, alisema, chuma hakipakwi kitu kikiwa kichafu. Na maji nani anayachota? Chemchemi yetu siku hizo ilikuwa na foleni kuanzia alfajiri, maana watu walikuwa wameongezeka kila mahali. Mimi napanda mlima na ndoo kichwani, shingo inataka kuvunjika, na mwanamume anaipokea ndoo, anasema asante mke wangu, anaimwaga chini ya gari. Niliwahi kumuuliza kama gari hilo pia lipakwe mafuta ya nazi na livishwe nepi.

Madereva wenzake walikuwa na ushauri wao. Paka oili chafu, walimwambia, chini kote, mambo kwisha. Alikataa. Alisema kupaka oili juu ya tope ni kama kufunga bendeji juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa, na vumbi la malori ya Benaco lingenasa humo likatunza unyevu vilevile. Yeye alikwangua kwa brashi ya waya, akapiga msasa, akagonga kila kipande kwa nyundo ndogo akisikiliza. Chuma kizima kinaitikia, alinifundisha, kilichooza kinasema kama chungu chenye ufa. Alizibua na vitundu vya chini ya chesisi vilivyokuwa vimezibwa na tope, maji yakatoka humo meusi. Kisha akapaka rangi ya kuzuia kutu, ile nyekundu, ikikauka anarudia, na kwenye maungio akajaza grisi. Kila jioni akirudi kazini na kila Jumapili baada ya misa alikuwa huko. Majirani wakiniuliza baba yuko wapi, nawajibu yuko kwa mke mdogo. Nyundo zinasikika kutoka chini, wao wanacheka.

Sehemu moja ilimshinda. Nyuma ya tangi la mafuta kulikuwa na chuma cha kukingama kinachounganisha zile chesisi mbili, na ndicho kilichobeba uzito wa upande wa kitanda. Boliti za tangi zilikuwa zimeshikana kabisa, akaogopa kuzilazimisha asije akalitoboa. Nafasi iliyobaki kati ya tangi na chuma haikuruhusu mkono wake. Alijaribu hadi ngozi ya kifundo ikachubuka. Mwishowe akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Mke wangu, hebu lete mkono wako."

"Wa nini?"

"Ni mdogo."

Nilikwenda kwa shingo upande. Nikalala chali juu ya gunia, nikaupenyeza mkono, nikalikuta tope gumu lililojaa mle kama ugali wa jana. Nililichokonoa kwa kijiko cha chai. Huko huoni kitu, unasikia kwa ncha za vidole tu, na yeye ameketi pembeni ananielekeza: kwangua kushoto, futa kwa kitambaa cha mafuta ya taa, sasa gusa, kinakwaruza au ni laini? Nikimwambia kinakwaruza, ananipa msasa tena. Ilinichukua siku kadhaa. Rangi niliipaka kwa kitambaa nilichofunga kwenye vidole, na kucha zangu zikabaki nyekundu kwa muda mrefu, hata kanisani waliniangalia. Siku nilipopitisha vidole nikakuta chuma chote laini, kikavu, kinateleza kama sahani, nilipiga kelele ya furaha nikasahau kabisa kwamba nilikuwa naombea kioze.

Tangu hapo kila baada ya mvua kubwa nilikuwa nalala kwenye gunia langu nakwenda kukagua. Hakuna aliyenituma. Nikikuta tope jipya nalitoa, nikikuta rangi imekwaruzwa narudishia. Mume wangu alikuwa ananisikia mle chini naimba, anapita zake.

Masika mawili yakapita. Kodi za nyumba Ngara zilikuwa bado juu, nyumba nzuri zote zina vibao vya mashirika getini, na mimi nilikuwa mjamzito tena, tumbo limeanza kunitangulia. Mchana mmoja daktari akashuka kwenye lori lililotoka Mwanza, amekonda, begi moja begani. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Nilimpa pole, nikamtengea chakula.

Baada ya kula akavaa ovaroli la mume wangu, akaingia chini ya gari. Nilimsikia anagonga huku na huku, na chuma kinaitikia kila anapogonga. Akatoka amejaa vumbi, anatikisa kichwa. Akampa mume wangu mkono, akautikisa sana. Wakawasha injini, ikawaka.

"Nina shaka na mahali pamoja tu," daktari akasema. "Nyuma ya tangi. Kwa tochi sipaoni, na mkono haufiki. Magari ya aina hii huanza kuoza huko. Kama chuma kile kimeliwa, kitakatika njiani, na mimi sitathubutu kulitoa hapa. Huko pakoje?"

Mume wangu alifuta mikono kwenye suruali.

"Huko anajua yeye," akasema. "Mkono wangu pia haufiki."

Wote wawili wakanigeukia. Daktari alikuwa anangoja tu jibu. Mume wangu alitazama chini, na najua alifanya vile makusudi, asiniongoze kwa macho. Neno moja tu lilihitajika. Kumeoza. Nani angenipinga? Ningejifungulia ndani ya kuta zile, mtoto wa pili angelala kwenye kile kiti kirefu, na padre asingetuondoa. Nililitaka neno hilo litoke. Lilifika mpaka kwenye meno.

Lakini nilikuwa nakijua chuma kile. Nilikijua kwa vidole kuliko ninavyoujua uso wangu, kila pembe, kila mahali niliporudia rangi. Nikashindwa kukiita kibovu. Kazi ya mtu mwingine ningeisingizia bila taabu, hata ya mume wangu, Mungu anisamehe. Ile ilikuwa yangu.

"Chuma ni kizima," nikasema. "Nimekipaka mwenyewe. Utafika nalo popote."

Daktari alinishukuru, akasema atalala parokiani na kuondoka asubuhi. Tulitoa vyombo vyetu jioni ile ile tukaviweka chini ya turubai, na nikalia nikikunja nguo za mtoto, sikujificha. Mume wangu hakuninyamazisha. Alikaa karibu yangu, akaushika ule mkono wangu, akawa anaugeuza geuza kama mtu anayekagua kitu alichokiazima.

Asubuhi gari lilipoingia barabarani, yeye alijilaza chini pembeni mwa barabara, shavu kwenye vumbi, alitazame kwa chini linavyokwenda. Alibaki vile mpaka lilipokata kona. Binti yetu akalala karibu yake kumwiga.

"Halina hata mlio," akasema kutoka kule chini, na sauti yake ilikuwa ya furaha kabisa.

Nami nilikuwa na hasira, na nilikuwa na fahari, sijui kipi kilitangulia.

"Haya inuka," nikamwambia. "Mtoto anachafuka. Twende tukatafute pa kulala."